Land Rover Series III au Land Cruiser 40: ununue ipi?

Ukitafuta gari la zamani la kazi ngumu, utazunguka weee na mwisho utarudi kwenye mawili haya: Land Rover Series III ya mwaka 1971 hadi 1985, na Land Cruiser 40 iliyotengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984. Nimeyaendesha yote, na mimi ningeyapanga hivi.

Ya kwanza ni BJ40, Cruiser ya dizeli iliyoanza 1974. Silinda nne, lita 3, nguvu za farasi kama 80. Mbio haina. Lakini ipe mzigo na mlima wa tope, weka gia nzito, itapanda kwa mngurumo uleule mmoja mpaka juu.

Ya pili, Landrova ya petroli, na nasema ile ndefu ya 109, yaani inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Cc 2286, farasi 70 hivi. Ukivuka mwendo wa 80, kelele zinakuchosha. Raha yake iko kwenye spana: madigadi yamefungwa kwa boliti, unayafungua mwenyewe uani kwako. Tena ndiyo Landrova ya kwanza ambayo gia zote nne za mbele zinaingia bila kukwaruza. Zile fupi za 88 zina shafti dhaifu za nyuma: tairi likikwama nawe ukaachia klachi kwa pupa, shafti inakatika. Difu aina ya Salisbury iliyo nyuma ya 109 inavumilia zaidi.

Kisha FJ40 ya petroli, silinda sita, lita 3.9, baadaye 4.2 yenye farasi kama 135. Kwa nguvu inaziacha zote mbali, na kwa kunywa mafuta pia. Ukiiona yenye breki za diski mbele, chukua hiyo.

Landrova ya dizeli naiweka mwisho. Farasi 62 ni wachache mno.

Sasa kutu, na hapa usiwe na haraka. Bodi ya Landrova ni aluminiamu, kwa hiyo inang'aa hata gari likiwa limekufa. Fremu yake ni chuma chenye uwazi ndani kama boksi, na huanzia kuoza humo ndani. Niliwahi kununua moja ya kijani, rangi mpya kabisa. Fundi akalala chini yake, akabonyeza bisibisi pale springi ya nyuma inaposhika fremu. Ikazama hadi kwenye mpini, na kutu ikamwagika kiganjani mwake kama majani ya chai. Kuchomelea fremu ile kulikaribia bei niliyolinunulia gari.

Cruiser bodi yake ni chuma, hivyo ugonjwa wake unauona: angalia sakafu penye pedeli, chini ya milango na kona za nyuma.

Nenda na nyundo ndogo na kipande cha turubai cha kulalia. Gonga fremu kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu. Muuzaji akikukataza kugonga, mrudishie ufunguo wake.