Tahadhari kuhusu muuzaji wa vipuri vya "ghala la jeshi" anayezunguka Tanga

Ndugu zangu mnaofufua magari ya zamani ya jeshi majumbani, hususan mlioko Tanga Mjini, Muheza, Pangani na Korogwe, ninawaomba msome maelezo haya kabla ya kutuma fedha kwa mtu anayejinadi kuwa na vipuri vya Land Rover "kutoka ghala la jeshi la Uingereza, ambavyo havijawahi kufungwa kwenye gari". Jina lake sitaliandika hapa, kwa sababu malalamiko yameshafikishwa polisi na sipendi kuvuruga upelelezi. Namna anavyofanya kazi, hata hivyo, nitaieleza kwa kirefu, maana jina na laini ya simu hubadilishwa wakati wowote ilhali mbinu hubaki ile ile.

Mtu huyu hana duka. Hukutana na wateja maeneo ya Kange karibu na stendi, au humtuma kijana wa bodaboda kupeleka mzigo hadi gereji, na malipo hupokelewa kwa simu kupitia laini iliyosajiliwa kwa jina lisilofanana na lile analojitambulisha kwalo. Bei zake si za kutupa, na nadhani hapo ndipo alipowapata wengi, kwa kuwa tumezoea kuambiana kwamba bei rahisi ndiyo dalili ya utapeli. Yeye hutoza karibu sawa na gharama ya kuagiza kipuri halisi kutoka nje, hakubali kupunguza, na mteja akibembeleza sana huambiwa akatafute vya bei nafuu madukani.

Mwenzetu mmoja wa Makorora, anayefufua Land Rover Series III ya chesesi ndefu, yaani ile iitwayo 109, alinunua kwake silinda za breki za mbele. Gari hilo lina silinda mbili kwa kila gurudumu la mbele, kwa hiyo alichukua nne, pamoja na beringi za magurudumu. Vifaa vilikuja vimefungwa kwa karatasi ya nta ya rangi ya kaki, vimepakwa grisi nzito, na kila kimoja kina lebo yenye tarakimu nyingi, kiasi kwamba mtu aliyewahi kuona mizigo ya jeshi angeapa vimetoka ghalani jana. Fundi alivifunga, mfumo ukatolewa hewa, pedali ikawa ngumu kama inavyotakiwa. Siku chache baadaye gari lilianza kuvuta upande mmoja, na likiwa linarudi mjini kutoka Pongwe magurudumu ya mbele yalipata moto hadi rangi ya rimu ikababuka. Tunashukuru kwamba lilikuwa kwenye tambarare. Gari hilo lilikuwa likiandaliwa kwa safari ya Lushoto, na anayeijua barabara ya kutoka Mombo kupitia Soni hahitaji kuelezwa zaidi.

Silinda zilipofunguliwa niliitwa kuzikagua. Rangi nyeusi ya nje ilikuwa mpya, lakini ilipokwanguliwa kwa ncha ya bisibisi vilionekana vishimo vya kutu ya miaka mingi, na nati ndogo ya kutolea hewa ilikuwa imelika kona zake kwa spana, jambo lisilowezekana kwa kifaa ambacho hakijawahi kufungwa. Ndani, ukuta wa silinda ulikuwa umesuguliwa kwa msasa wa mkono, mikwaruzo ikiwa imekwenda ovyo. Raba zilikuwa zimevimba hadi pistoni ikashindwa kurudi, na chanzo chake ni ile grisi iliyowapendeza watu machoni: raba za breki hutengenezwa kuvumilia mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4, wala si grisi ya kawaida au oili ya injini, ambazo huzilainisha na kuzivimbisha. Kwa maneno mengine, huyu bwana hakuuza tu kifaa kilichotumika kwa bei ya kipya. Alikiharibu zaidi katika kukipamba.

Lebo nazo zinamuumbua. Kifaa cha majeshi ya nchi za NATO, umoja wa kijeshi ambao Uingereza imo, huwa na namba ya ghala yenye tarakimu 13. Nne za kwanza hutaja kundi la kifaa, mbili zinazofuata hutaja nchi iliyokisajili, na saba za mwisho ni za kifaa chenyewe. Uingereza ni 99, na hilo alilipatia. Lakini vifaa vya breki na usukani wa magari viko katika kundi la 2530 na beringi katika kundi la 3110, ilhali lebo zake zote, za silinda na za beringi sawia, zilianza na 2610, ambalo ni kundi la matairi na mipira yake. Zaidi ya hapo, namba ilikuwa moja kwenye kila pakiti. Ni dhahiri alipata lebo moja ya tairi, akaichapisha nakala kwa wingi, akaenda nayo hivyo hivyo. Ninawasihi mzisome tarakimu hizo kabla ya kulipa, maana hapo ndipo uvivu wake ulipo.

Sisemi kwamba kila kipuri cha ziada cha jeshi ni cha bandia. Jeshi la Uingereza limekuwa likiuza magari na vipuri lisivyovihitaji kwa minada na zabuni, na vifaa vizuri vimepatikana kwa njia hiyo. Hata hivyo, Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na raba iliyokaa kwenye karatasi tangu miaka hiyo haifai kuaminiwa hata kama ni halali kabisa; nunua raba mpya na uibadilishe kabla ya kufunga silinda.

Kuna wawili pia waliouziwa altaneta (za kuchaji betri) na stata (za kuwashia injini) za volti 24 wakiwa na magari ya volti 12, baada ya kuambiwa kuwa "za jeshi zina nguvu zaidi". Volti 24 zilikuwa za magari yaliyoandaliwa kubeba redio za mawasiliano. Ukiweka stata hiyo kwenye betri ya volti 12 itazunguka kwa uchovu au isizunguke kabisa, na altaneta yake itaunguza taa na betri yako.

Hivi karibuni ameanza kutafuta malipo ya awali ya magari mazima, akidai yamefika bandari ya Tanga na yanasubiri kulipiwa ushuru. Katika picha alizomtumia jamaa wa Chumbageni, gari moja linaonekana na tairi la akiba juu ya boneti, kisha picha inayofuata, ya "gari hilo hilo", haina hata kishikio cha tairi hilo. Alipoombwa nyaraka za forodha za TRA alituma ukurasa uliokatwa juu na chini. Ushuru aliotaja nao ulikuwa mdogo mno, ilhali gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8 huongezewa ushuru kwa sababu ya uchakavu, na haya yana zaidi ya miaka 30. Mtu asilipe chochote kabla ya kulifikia gari lenyewe, kuweka karatasi juu ya namba iliyogongwa kwenye chesesi upande wa kulia mbele, kuisugua kwa penseli, na kuilinganisha na nyaraka kamili. Kibati cha namba kilichopigwa riveti peke yake si ushahidi, kwani hung'olewa na kuhamishwa.

Waliokwisha kununua silinda kwake wasiyaendeshe magari hayo hata kwa mwendo wa sokoni hadi zifunguliwe. Na kwa kuwa grisi huingia kwenye mafuta ya breki, yamwagwe yote, mabomba yasafishwe na raba za masta silinda, ile inayosukumwa na pedali, zikaguliwe pia. Karatasi, lebo na ujumbe wa malipo visitupwe. Namba ya simu aliyotumia iripotiwe kupitia 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, bidhaa bandia ziripotiwe Tume ya Ushindani, na kila aliyeuziwa aende polisi na vifaa vyenyewe vikiwa bado kwenye karatasi zake, kwa kuwa hadi sasa walioandikisha maelezo ni wachache kuliko walionilalamikia.