Miche ya mvinje ya mashimo ya dhahabu: kitalu kimoja cha Kakamega

Kitalu hiki kiko kando ya barabara ya kwenda Ikolomani, na wanunuzi wake wengi ni wenye mashamba yaliyochimbwa dhahabu yakaachwa wazi. Mche wa mvinje ni shilingi 30, wa siala (Markhamia, mti wa mbao) 20. Bei ni nzuri. Mvinje wenyewe ni Casuarina cunninghamiana, unaostahimili nyanda za juu kuliko ule wa Pwani, na hapo muuzaji amepatia.

Kasoro iko mizizini. Chana karatasi (mfuko wa plastiki) ya mche mmoja kabla hujalipa: mizizi ni myeupe, safi, haina vifundo hata kimoja. Mvinje hupata naitrojeni, chakula kikuu cha mimea, kupitia bakteria wa Frankia wanaoishi ndani ya vifundo hivyo. Kifusi cha mgodi ni mawe yaliyosagwa, hakina mboji, kwa hiyo mche usio na vifundo hugeuka manjano na kudumaa. Dawa yake haigharimu kitu: koleo moja la udongo uliochotwa chini ya mvinje mkubwa, lichanganywe na kila toroli la udongo wa kujazia karatasi. Kitalu kinachouzia watu wa machimbo hakina sababu ya kuliruka jambo hili. Miche iliyokaa sana pia imejikunja mizizi chini. Kata sentimita 2 za chini kwa wembe, la sivyo mti utang'olewa na upepo ukishakua.

Siala wao ni safi kabisa, shina kama penseli, umeshazoeshwa jua. Ila usiupande kwanza. Unapofukia shimo la mgodi, rudisha udongo wa juu mwisho, kisha tanguliza mvinje na sesbania (mti mdogo unaorutubisha udongo), mita 2 kwa 2, mashimo ya sentimita 60, debe la samadi iliyooza kila shimo, mvua za Machi zikishika. Kule Bamburi, Mombasa, machimbo ya saruji yalianza kupandwa mvinje mwaka 1971; jongoo wakala majani yaliyoanguka, mboji ikapatikana, ndipo miti mingine ikakubali. Bamburi ni mawe ya chokaa, lakini, kwa hiyo asidi si tatizo huko. Huku, ukiona maji yenye rangi ya kutu yakitoka kwenye kifusi, ujue kuna asidi, na chokaa itangulie mche.

Muuzaji atakushawishi uchukue na parachichi. Palipooshwa dhahabu kwa zebaki, kataa: usipande cha kuliwa mpaka udongo upimwe maabara.