Uzoefu wangu: Google Earth na ramani nyingine za mtandaoni kwa watoto wa shule ya msingi

Wanangu wawili, mmoja darasa la sita na mwingine la tatu, wanaweza kukutajia vitu muhimu vya ramani bila kusita: jina, ufunguo, skeli, dira, fremu. Lakini ukiwauliza maji ya bombani hapa Dar es Salaam yanatoka mto gani, kimya. Ndiyo maana nilianza kukaa nao jioni na Google Earth, programu inayoonyesha dunia nzima kwa picha za setilaiti, kwenye laptopu. Tumeitumia vya kutosha sasa, na naipendekeza kwa mzazi yeyote, kwa sharti moja: ukae nao. Mtoto akiachiwa peke yake anaizungusha dunia hadi achoke, hajifunzi kitu.

Ushauri wangu ni msianze na mabara. Anzeni na bati la nyumba yenu. Mtoto akiuona mwembe wa jirani kutoka juu, anaamini kwamba ile picha ni dunia hii hii anayoishi, na baada ya hapo unaweza kumpeleka popote. Sisi tulikwenda kwenye mlango wa Mto Ruvu, karibu na Bagamoyo, tukaufuata kuelekea ulikotoka. Tukapita Mlandizi, kwenye mtambo wa maji wa Ruvu Juu, tukaikuta Ngerengere inayoshuka kutoka Morogoro, tukaendelea hadi kwenye Milima ya Uluguru. Hapo nikaiinamisha picha, milima ikasimama. Mdogo akaniuliza, "Mama, kwa hiyo mvua ya huku ndiyo tunayokunywa?" Ndiyo, mwanangu. Mkubwa naye akayaona mashamba kwenye miteremko, akataka kujua mvua kubwa ikinyesha udongo wake unaenda wapi. Mmomonyoko wa udongo, mada wanayoikariri kwa ajili ya mtihani, ukaeleweka mezani bila mimi kufungua kitabu.

Kipimo cha umbali nacho kina faida kuliko nilivyodhani. Walipima Dar hadi Morogoro kwa mstari mnyoofu wakapata kama kilomita 180, nikawaambia barabara inazidi 190, tukafuatilia kona za barabara kujua tofauti inatoka wapi.

Ila kilichonigusa zaidi ni tovuti ndogo iitwayo The True Size. Unaandika jina la nchi, unaikamata, unaiburuta juu ya nchi nyingine. Ramani bapa tulizozizoea, pamoja na nyingi za mtandaoni, zinafuata mchoro wa mchora ramani Mercator wa mwaka 1569. Ulichorwa kwa ajili ya mabaharia, ili mstari mnyoofu uwaonyeshe mwelekeo mmoja wa dira safari nzima, na gharama yake ni kwamba nchi zilizo mbali na ikweta zinavutwa na kuonekana kubwa mno. Kwenye ramani hiyo Greenland inakaribia kulingana na Afrika. Wanangu waliiburuta hadi ikweta wakaiona inavyonywea, wakaiweka juu ya Kongo, na Kongo ikaizidi. Ndivyo ilivyo: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina kilomita za mraba takriban milioni 2.34, Greenland milioni 2.17, na Afrika nzima ni karibu milioni 30. Kisha tukaipeleka Tanzania Ulaya. Ina eneo kubwa kuliko Ujerumani na Ufaransa ya Ulaya zikiunganishwa! Natamani kila mtoto wa Kiafrika alione hili mapema, kabla hajazoea kuiona nchi yake kama kijisehemu kidogo cha dunia.

Kipengele cha Timelapse cha Google Earth, kinachoonyesha picha za setilaiti kuanzia 1984, nilikitumia kwa mambo mawili tu: Bahari ya Aral, ziwa la Asia ya Kati, inavyokauka, na Dar inavyotanuka kuelekea Mbagala na Bunju. Yametosha.

Sasa yasiyonifurahisha. Programu moja ya chemshabongo ya ramani niliyoipakua ilijaa matangazo ya kubeti, nikaifuta siku hiyo hiyo. Kagueni kabla ya kumpa mtoto simu. Picha za setilaiti pia zinakula bando vibaya. Halafu, kwenye skrini skeli hubadilika kila unapokuza, na picha ikizungushwa kaskazini haiko tena juu, kwa hiyo mtoto anaweza kuona mengi bila kujua yuko upande gani. Kwa sababu hiyo atlasi ya karatasi haijaondoka mezani kwetu. Kila tunapofika, wanapatafuta na kwenye atlasi kwa kidole.

Kama huna laptopu wala bando la kutosha, pakua Organic Maps kwenye simu. Ukishaishusha ramani ya nchi, inafanya kazi bila intaneti. Haina picha za setilaiti, lakini inatumia data za OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, na kwa Dar zina vichochoro na mifereji mingi kutokana na mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walipita mtaa kwa mtaa wakichora maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Mkubwa wangu anaitumia daladalani kutaja kituo kinachofuata kabla ya konda.