Miezi 14 chini ya HZJ75: uzoefu wangu wa kufufua Land Cruiser kuukuu na swahiba wangu

Kabla hatujakubaliana na muuzaji, swahiba wangu alitoa sumaku mfukoni, akaifunga kitambaa laini, akaanza kuipitisha juu ya bodi taratibu kama daktari anayesikiliza kifua. Mlangoni ikang'ata. Kwenye boneti ikang'ata. Alipofika nyuma ya gurudumu la nyuma, sumaku ikateleza ikaanguka chini. Chini ya rangi ile nyeupe inayong'aa hapakuwa na bati, palikuwa na puti, lile dongo la kuzibia mashimo ya bodi, nene kama kidole. Tukatazamana. Muuzaji akaanza kutusifia redio.

Tulilichukua hivyo hivyo. Ni Toyota Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1994, ile ndefu yenye milango miwili mbele na miwili nyuma inayofungukia pembeni. Injini ni 1HZ: silinda 6, cc 4,164, dizeli, haina tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi). Springi ni za majani mbele na nyuma. Familia ya 70 ilianza mwaka 1984, na HZJ75 ikatoka kuanzia 1990 hadi 1999, ndipo warithi wake wakawekewa springi za koili mbele. Sisi tuliitaka hii ya majani makusudi. Karibu kila kitu chake kinafunguka kwa spana za kawaida, na injini haina kompyuta ya kukuwekea mgomo.

Niseme mapema tulivyo sisi wawili, maana kazi yote iliendeshwa na tofauti hiyo. Mwenzangu amekulia chini ya magari, mikono yake inajua mambo ambayo kichwa changu bado kinasoma. Lakini anapenda gari lionekane: bampa la chuma, winchi ya kujivutia kwa kamba, mkonga (bomba linalovuta hewa ya injini kutoka juu), taa za juu. Mimi nilikuwa najua kubadili oili na tairi tu, na kila usiku nilikuwa nawaza breki. Baada ya miezi 14 ya wikendi, hukumu yangu ni kwamba vilivyolirudisha gari barabarani ni vile ambavyo hakuna anayevipiga picha. Yeye hajakubali mpaka leo.

Tulianza na magurudumu ya mbele, kwa sababu usukani ulikuwa unatetemeka kila tukikaribia kilomita 70 kwa saa. Nati kubwa ya habu (kitovu cha gurudumu) ni ya milimita 54 na ina soketi yake. Ya kwetu ilikuwa na makovu ya patasi mzunguko mzima. Yaani waliotutangulia waliifungua kwa patasi na nyundo, na kuikaza vivyo hivyo. Tulipofungua kifundo chenyewe, kile kiungo kinachogeuza gurudumu la mbele, kilichotoka hakikuwa grisi wala oili, ni ujiuji mweusi wa vyote viwili. Oili sili ya ndani ya aksili (mhimili unaobeba magurudumu) ikichoka, oili ya difu (boksi la gia lililo kwenye aksili) inapenya mpaka kwenye kifundo, inalainisha grisi, kisha mchanganyiko ule unatafuta njia ya nje kupitia sili ya nyuma. Ukiona gari la aina hii limelowa nyuma ya gurudumu la mbele, ujue ndani kukoje.

Beringi za juu na za chini za kifundo zilikuwa zimechimba vishimo kwenye vikombe vyake. Ukizungusha kwa mkono unasikia zikikwama, tk, tk, tk. Hapo ndipo tulipogombana mara ya kwanza. Beringi hizi zinatakiwa ziwe na ugumu fulani, na ugumu huo unapangwa kwa vibati vyembamba na kupimwa kwa mizani ya kuvuta: unafunga ndoano kwenye mkono wa usukani, unavuta, unasoma kifundo kinaanza kugeuka kwenye uzito gani. Mwenzangu akasema mkono wake unatosha kuwa mizani. Nikamwambia, "Kaka, mkono wako naujua, lakini kitabu kimeandika namba." Tukapima. Upande wa kulia mkono wake ulikuwa sahihi kabisa. Wa kushoto ulikuwa umelegea karibu nusu. Hakusema kitu, akachukua kibati kingine.

Kazi hiyo ilikula wikendi 4 kwa pande zote mbili, pamoja na sili mpya, beringi mpya na kusafisha kila kitu kwa dizeli. Mtetemo ukaisha. Kama una hela ya kufanya jambo moja tu kwenye gari la namna hii, fanya hili.

Springi sasa. Tulinunua seti ya kuinua gari milimita 50, majani na shokapu zake. Kwa springi zenyewe sina malalamiko. Gari tupu ni gumu kidogo, likibeba mzigo linatulia na halilali tena kwenye kona kama lile la mwanzo. Mambo mawili tuliyojifunza kwa jasho: bolti za bushi (mipira ya maungio ya springi) usizikaze gari likiwa limening'inia kwenye jeki, lishushe kwanza likae kwa uzito wake, la sivyo unazifunga bushi zikiwa zimejipinda na hazichukui muda kuchanika. Na yale mabano yanayoshika aksili kwenye springi yakaze upya baada ya kutembea. Sisi tulirudia baada ya kilomita 500, na karibu kila nati ilikubali robo mzunguko.

Lakini springi hizo hizo ndizo zilizotuletea siku mbaya kuliko zote. Tulitoka kujaribu gari kwenye njia ya changarawe, mahali pasipo na watu. Pedali ilikuwa juu, ngumu, nzuri. Nilipobana breki, pua ikazama, magurudumu ya mbele yakajifunga na kuteleza, na nyuma kukawa kama hakuna breki kabisa. Tukarudi kwa mwendo wa kobe. Tukatoa upepo kwenye mfumo mara 3. Mwenzangu akaishutumu masta silinda, akaifungua, akaikuta nzima, akairudisha. Tukafungua ngoma za nyuma, viatu vikawa vizuri, silinda zake hazivuji. Usiku ule sikulala vizuri.

Kesho yake nikiwa nimelala chali chini ya gari, sifanyi chochote zaidi ya kuangalia, nikaona fimbo moja nyembamba inayotoka kwenye aksili ya nyuma kwenda kwenye vali iliyo kwenye chasisi. Fimbo ilikuwa imevutwa chini kwa pembe ya ajabu. Kumbe vali ile ndiyo inayogawa nguvu ya breki za nyuma kulingana na mzigo. Gari likibeba, chasisi inasogelea aksili, vali inafungua zaidi. Gari likiwa tupu, chasisi inapanda, vali inapunguza ili magurudumu ya nyuma yasijifunge. Sisi tulikuwa tumeipandisha chasisi milimita 50, na vali ikaamini kwamba gari halina kitu kabisa, kuliko hata siku lilipotoka kiwandani. Ilikuwa inafanya kazi yake barabara. Sisi ndio tulioidanganya.

Dawa yake ni kipande cha chuma kinachorudisha mkono wa fimbo kwenye pembe yake ya asili. Tulikitengeneza, tukakifunga, kisha tukampelekea fundi wa breki apime presha za mbele na nyuma, kwa sababu kuna mambo ya kujaribisha na kuna breki. Nimetaja hili kwa urefu kwa kuwa kwenye boksi la springi hapakuwa na karatasi hata moja inayoligusa. Ukiinua gari lenye vali hii, mara tu springi zikishafungwa ingia chini uiangalie ile fimbo.

Taa zilitupotezea jioni 2, na kosa lilikuwa la kwetu. Mwenzangu alinunua taa za ziada za LED, tukazifunga na relei (swichi inayowashwa na umeme) na fyuzi kama mtu mwenye akili zake, relei tukaipa ishara kutoka kwenye waya wa taa kubwa. Tukawasha. Taa za ziada zikawaka tulipozima taa kubwa, na zikazimika tulipoziwasha. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Gari hili taa zake za mbele zina chanya muda wote, swichi inakata upande wa hasi. Kwa hiyo relei nayo lazima iungwe kinyume na ulivyozoea. Tulipoelewa hivyo tukaamua kuweka relei hata kwa taa za mbele za kawaida, maana nilipima kwa mita nikakuta volti 14.1 kwenye betri na 11.6 kwenye soketi ya taa. Zile nyingine zilikuwa zimepotelea kwenye waya wenye miaka 30 na swichi iliyochoka. Baada ya relei na waya mnene nikapata 13.7, na glopu zile zile za zamani zikawaka kama mpya. Taa za LED zenyewe? Moja imeshaingia maji, na zote mbili zinaifanya redio ikoroge. Ile redio ya muuzaji.

Mkonga una hadithi yake. Mwenzangu aliufunga vizuri sana, umenyooka, rangi moja na nguzo ya kioo, kila mtu akausifu. Nikamwomba aache injini iwe sailensa, yaani ingurume bila kukanyagwa mafuta, nikapanda na kuziba mdomo wa mkonga kwa kiganja. Injini inatakiwa ikohoe na kufa, kwa sababu imekosa hewa. Yetu iliendelea kunguruma bila wasiwasi wowote. Maana yake ilikuwa inavuta hewa kwingine, na pale inapovutia hewa ndipo itakapovutia maji. Tukakuta maungio kati ya mkonga na boksi la filta yana uwazi wa kupitisha kalamu. Tukaziba, tukabana klempu, nikapanda tena kuziba kwa kiganja. Ikakohoa, ikafa. Kabla ya hapo lilikuwa pambo tu.

Pamoja na mkonga tuliongeza mipira ya kupumulia ya difu zote mbili, gia boksi na transfa (boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na nyuma), tukaipandisha hadi juu karibu na betri. Ni mpira mrefu na klempu chache, karibu bure ukilinganisha na winchi. Difu yenye joto ikiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inajikunja na kuvuta chochote kilicho jirani, kupitia kwenye sili. Tulipofungua difu ya nyuma mara ya kwanza oili yake ilikuwa na rangi ya maziwa, kwa hiyo sihitaji kushawishiwa.

Ringi za awali zilikuwa zile za vipande, zenye duara la kufungia pembeni, tairi 7.50R16 na tyubu zake. Zina watetezi wao, kwa sababu unaweza kuziba pancha porini kwa nyenzo za mkono. Mimi duara lile likiruka wakati wa kujaza upepo silitaki karibu na uso wangu. Tulihamia ringi za kipande kimoja na tairi 235/85R16, kimo karibu ni kile kile hivyo spidomita haikudanganya.

Winchi nisingeinunua tena. Pamoja na bampa lake imeweka uzito mkubwa puani, springi za mbele zimeshuka sehemu ya kile tulichoinua, na tumeitumia mara 2, zote kuvuta magari ya wengine. Mwenzangu anasema hiyo ndiyo maana ya kuwa na winchi. Angalau alikubali kamba ya nyuzi badala ya waya wa chuma. Ikikatika hairudi kwa nguvu kama waya.

Bodi sitaisema sana. Tulikata kutu mpaka kwenye bati safi, tukachomelea vipande vipya, tukapuliza nta ndani ya maboksi ya bodi. Mpira wa kioo cha mbele ubadilishe hata kama unaonekana mzima. Chini ya wetu fremu ilikuwa imetoboka, na maji ya sakafuni tuliyoyalaumia milango kwa miezi yalikuwa yanatokea huko.

Kilichobaki ni ubishi wa tabo. Mwenzangu anataka kuifunga kwenye 1HZ, kwa kuwa mlimani gari ni zito na malori yanatupigia honi. Mimi nasema 1HZ haikuzaliwa nayo, vyumba vya awali vya kichwa chake, mafuta yanapoanzia kuwaka, vinajulikana kwa kupasuka joto likizidi, na anayetaka tabo atafute injini ya 1HD-T iliyoundwa nayo. Tumekubaliana kwanza tubadilishe mkanda wa taimingi, maana hatujui ule uliomo una umri gani na kikomo chake ni kilomita 100,000. Mkanda umeshafika. Wikendi iliyopita nilimkuta amelala chini ya gari na futi kamba, anapima nafasi iliyo kando ya ekzosi. Nilipomuuliza anapima nini, akasema, "Hakuna kitu, bwana. Nipe spana ya 14."