Coaster ya Arusha–Moshi na mtoto aliyebanwa mkojo: nyota moja, au mbili, hata sijui

Jamani naandika hii bado nina hasira, japo imeshapita kama wiki mbili tatu hivi. Baba watoto kasema niachane nayo, ila kila nikikumbuka lile neno "abane" damu inapanda upya. Acha niitoe tu.

Kwanza muelewe mi hii njia naijua. Nimezaliwa Machame, nimeolewa Arusha, hizo kilomita 80 nimezipanda na mimba zote mbili, kwa hiyo sio yule mtu wa kulalamika eti siti imechanika au mziki uko juu. Coaster ni Coaster. Ila nilikuwa sijawahi kusafiri peke yangu na watoto wawili, mkubwa ana miaka 5 na mdogo hajafika hata 2, baba yao yuko kazini, na mama yangu kila siku anapiga simu anataka wajukuu likizo. Nikawaahidi tukifika kwa bibi, kesho yake tunaenda chemchemi ya Chemka kuogelea. Basi mkubwa toka asubuhi kavaa miwani ya kuogelea. Kaivaa akinywa chai, kaivaa kwenye daladala, tumefika stendi kubwa bado kaivaa, watu wanamcheka, yeye hana habari kabisa.

Stendi tukapokelewa kama wafalme. Mmoja kashika begi, mwingine kashika mkono wa mtoto, "anti Moshi hii, bado wawili tu, ingia tunaondoka sasa hivi." Nikachungulia ndani, kweli gari imejaa. Nikalipa viti vitatu. Narudia, viti VITATU, maana sitaki mambo ya kupakata mtoto wa miaka 5 mwenye miguu mirefu kama korongo. Nikampa konda elfu kumi na tano, akasema chenji yako elfu tatu nakupa njiani. Sawa.

Tumekaa, mara yule kaka wa siti ya mbele akateremka. Mara wa nyuma. Mara wawili kwa mpigo. Kumbe nusu ya "abiria" ni wapiga debe wamekaa kutuzuga gari ionekane imejaa! Nimepanda hii njia miaka yote na bado nikaingia mkenge, hiyo najilaumu mwenyewe. Tulikaa pale karibu saa nzima jua linapiga bati, mkubwa akaomba juisi nikampa, akaomba nyingine nikampa, ningefanyaje na yeye ndo alikuwa ametulia. Najua mnachotaka kusema. Choo cha stendi kipo, ni hela ndogo tu. Lakini nina mtoto mgongoni, nina begi, nina kiroba cha sukari na mchele wa bibi, na nikishuka nikirudi siti zangu tatu zina watu watano. Basi hapo nakubali nilikosea. Kidogo.

Wakati tunatoka konda aliapa kabisa hii ni levo siti, hakuna wa kusimama. Kiapo kilidumu mpaka Tengeru. Na ilikuwa Jumamosi, siku ya soko, mnajua Tengeru siku ya soko inavyokuwa, matenga ya nyanya, mikungu ya ndizi, wamama wamejaa barabarani, na huyu konda hakuacha mtu hata mmoja. Mpaka tunatoka hapo siti ya mdogo imeshakaliwa na kuna watu wananing'inia juu ya kichwa changu. Akanigeukia, "mama, mpakate huyo mkubwa, mzee akae." Nikamwambia nimemlipia. Akasema "najua umemlipia, ila si mtoto huyo." Sasa mzee mwenyewe kasimama hapo na fimbo yake ananiangalia, ningekataa ningeonekana mchawi. Nikapakata. Mdogo kifuani, mkubwa kwenye goti, kiroba miguuni, miwani ya kuogelea inanichoma kwenye kidevu.

Kufika Usa River kuna trafiki mbele, konda akapiga kelele "chuchumaeni!" na gari nzima ya watu wazima ikachuchumaa kwenye korido, wamama na vitenge vyao, kijana mmoja na suti. Mkubwa alifurahi sana akajua ni mchezo, na yeye akachuchumaa. Nilicheka, sitadanganya. Hapo bado nilikuwa nawapa nyota tatu.

Tulipofika Maji ya Chai nikamwambia mwanangu hapa panaitwa Maji ya Chai. Akaangalia nje vizuri na miwani yake akauliza, "mama, chai iko wapi?" Mtu wa nyuma akacheka. Halafu hata dakika haijaisha akaninong'oneza sikioni, "mama, mkojo."

Nikamwita konda kwa heshima zote, "kaka samahani, mtoto anaomba kuchimba dawa, tusimame dakika moja tu." Hakunigeukia. Kichwa kiko nje mlangoni. Nikarudia. Ndo akageuka, ananiangalia kama nimemuomba figo, akasema:

"Mwambie abane."

Nikamwambia kaka ana miaka 5.

"Si mkubwa huyo! Abane, Moshi hapo tu."

Moshi hapo tu! Tuko Maji ya Chai! Nikamwambia nyie si mnasimama kila mti? Akanijibu kwa sauti ya gari nzima isikie, "mama, kwa abiria ntasimama, kwa mkojo sisimami, hii gari ya biashara. Watoto wenu mnawajaza majuisi halafu mnatusumbua sisi."

Hapo ndo pameniuma na ndo sababu ya kuandika yote haya. Sio kukataa peke yake. Ni kwamba alisema kweli ile ya juisi, mbele za watu, na mimi sina cha kujibu.

Na hakuwa anatania. Kikatiti tukasimama, kapandisha mama na kuku wawili. Nikanyanyuka, "hapo hapo kaka, nishushe mara moja," akapiga bodi, "twende suka!" King'ori tukasimama tena, nusu dakika nzima mtu anatafuta simu yake mfukoni alipe, nusu dakika ambayo mwanangu angeshamaliza na kufunga zipu. Nikanyanyuka tena, "twende!" Kwa mama mwenye kuku anasimama, kwa mwenye simu anasimama, kwa mwanangu abane. Dereva sijui alikuwa hasikii au vipi, mziki umefunguliwa mpaka vioo vinatetemeka, kwa hiyo yeye simlaumu. Au namlaumu kidogo, kioo cha ndani anacho, hakuona mwanamke anasimama na kukaa kama yuko kanisani?

Mtoto sasa analia. Halii kwa kelele, analia kimya, na hiyo ni kwa sababu yangu mimi, mwezi uliopita tu nilimwambia yeye sasa ni kaka mkubwa, kaka wakubwa hawajikojolei, nikamsifia, nikamnunulia chupi zenye magari. Anaogopa kulowesha chupi za magari. Na kwa sababu hataki kuvua ile miwani, machozi yakajaa humo ndani. Nakuta macho yanaelea. Upande wa kushoto Kilimanjaro ilikuwa imejitokeza yote na theluji yake juu, safi kabisa, siku ambayo ingekuwa nzuri ningewaonyesha, mimi nilichokuwa naangalia ni ile miwani.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja wa dirishani, wala hatujuani. Alikuwa kimya safari yote. Akamalizia maji yake, akanipa chupa tupu ya nusu lita, akasema kwa utaratibu tu, "mwanangu, mpe hii, mtoto habani." Akavua kitenge chake cha juu akatuzungushia. Shikamoo bibi popote ulipo, Mungu akuweke. Yani mtoto alikojoa nyie. Ile sauti ya kwenye chupa gari nzima inasikia, hata mziki haukusaidia, halafu katikati ya ukimya akatangaza, "mama, inajaa!" Yule kijana wa suti alicheka mpaka akafuta machozi.

Ilijaa mpaka shingoni. Na kifuniko hatukioni, kimedondoka huko chini kwenye kuku.

Konda akasema tupa dirishani. Nikamwambia situpi mkojo wa mwanangu barabarani watu wanapita, simama nimwage. Akasema hasimami. Basi nikaishika. Toka hapo, kupita njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, mpaka Boma Ng'ombe nimeshika chupa iliyojaa mkojo, wazi, mkono mmoja, mtoto mkono mwingine, kama nimebeba taa ya kanisa. Watu wakawa wananipisha wenyewe, kwa mara ya kwanza toka Tengeru nikapata nafasi.

Boma konda akaja kukusanya nauli za waliopanda njiani, akasimama mbele yangu kabisa, hela amezipanga kwenye vidole. Dereva akaliona tuta dakika ya mwisho. Naapa sikufanya makusudi. Raba zilikuwa nyeupe, mpya, zile ambazo mtu anazifuta kwa mswaki.

Nilitegemea tusi. Gari nzima ilikaa kimya, halafu yule mzee wa fimbo, aliyekalia siti ya mwanangu, akasema, "sasa na wewe bana." Jamani! Kicheko kilichotokea hapo sijawahi kukisikia kwenye gari. Na konda, hii ndo inanichanganya mpaka leo, konda naye akacheka. Akaangalia viatu, akatikisa kichwa, akasema "dogo umeniweza," akamgongea mtoto ngumi. Mtoto akavua miwani, akaikung'uta machozi, akaivaa tena.

Kuanzia hapo alikuwa mtu mwingine. Tulipofika njia panda ya Machame gari ikasimama vizuri kabisa pembeni, sio ile ya kurushwa, akanibebea kiroba, akambeba mdogo mpaka chini, akamnunulia mkubwa karanga kwa kijana wa dirishani. "Samahani mama, ni presha za hesabu ya bosi." Mi na roho yangu nyepesi nikaona kumbe kijana mwenyewe ni mdogo tu, pengine hana hata 22, katoka alfajiri, hesabu inamsubiri jioni. Nikamwambia yameisha mdogo wangu. Nikawa nimeshawapa nyota nne moyoni, nasema ntawatafuta tena wakati wa kurudi.

Tukapanda gari ya kwenda Machame juu, tumefika kwa mama, nimekunywa maji, nimevua viatu, naweka pochi mezani.

Chenji yangu.

Elfu tatu! Kumbe ndo maana ya karanga! Amenihonga kwa hela yangu mwenyewe! Nikacheka, halafu nikakasirika, mama yangu ananiangalia tu. Na siti nililipia tatu nikakalia moja. Kwa hiyo hapana, futa nyota nne. Moja. Mbili kwa sababu ya tuta. Wakati wa kurudi nilipanda gari nyingine, konda mstaarabu, ilikuja kuharibika pale Kikafu tukakaa saa mbili juani, kwa hiyo sijui hata niwashauri nini. Mkojolesheni mtoto stendi, hata kama siti itaondoka.

Chemka tulienda, maji mazuri, samaki wadogo wanatekenya miguu, mkubwa hakutaka kutoka. Ila toka siku hiyo mchezo wake huko kwa bibi nilikowaacha ni mmoja, anapanga viti vya bibi mstari, anampandisha mdogo wake na wanasesere, anasimama mlangoni kichwa nje. Juzi mama kanipigia, anasema alinyanyuka usiku kwenda chooni akamkuta mjukuu koridoni na miwani yake, kanyoosha mkono, "bibi, bana, Moshi hapo tu."