Jenerali aliyeua viwavi kwa sentensi moja

Jina la kitabu sitaliandika, sitaki kumfanyia mtu biashara bure. Niseme tu ni riwaya nene ya Kiingereza, jalada la kijani, upanga umechomekwa ardhini na maharagwe yameutambalia mpaka juu. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, aliinunua Ndola, Zambia, akavuka nayo mpaka wa Kasumbalesa chini ya mifuko ya unga, akanipa mimi mdogo wake hapa Lubumbashi: “Leki, mdogo wangu, hii itakutuliza roho.”

Haikunituliza.

Habari yenyewe ni fupi. Jenerali mwenye uchawi wa kubomoa ngome kwa kiganja amechoka na vita, anamuaga mfalme wake, ananunua shamba kijijini. Basi. Hakuna joka la kuuawa. Ni supu, mvua, majirani na mbuzi mmoja mwenye kiburi anayesema. Wazo si geni. Sisi tuliopita Latin-filo, mchepuo wa Kilatini na falsafa wa sekondari, tulikaririshwa habari za Cincinnatus, Mroma aliyefuatwa shambani kwake mwaka 458 K.K. apewe udikteta, akashinda vita, na siku ya 16 akavua madaraka. Mwalimu wetu alimsifu mno. Ila hakutuambia hata mara moja kule shambani kulipandwa nini, wala nani alibaki anapalilia.

Sasa sura ya viwavi. Kabichi za jenerali zimeanza kufunga, kijiji kizima kinakuja kuzitazama, halafu asubuhi moja viwavi wameingia. Moyo ukanidunda, nikajiweka sawa kitini. Hapa ndipo tutamwona mwanamume! Mwandishi akaandika kwamba jenerali aliinua mkono, moto ukapita, viwavi wakaisha. Sentensi moja! Nilifunga kitabu kwa kishindo mpaka mtoto akaamka.

Mimi na mama tuna shamba njia ya Kipushi. Viwavijeshi wa mahindi, wale waliotoka Amerika wakaonekana Afrika mwaka 2016, tunawajua kwa sura. Kwa sura kabisa: mshike mmoja, mgeuze kichwa kwenye mwanga, utaona alama kama herufi Y iliyopinduliwa. Unakwenda alfajiri, kabla jua halijawasukuma ndani. Unafungua majani ya katikati, unakuta uchafu wao umelowa kama unga wa mbao wa kwa seremala, unachokonoa kwa kijiti, unamvuta, unamponda kwa vidole. Kisha unatia mule mule majivu ya mbabula, jiko la makaa, yaliyochanganywa na mchanga. Mhindi unaofuata. Na unaofuata. Mwaka mmoja tulifanya hivyo Desemba nzima, na bado tulivuna mifuko miwili mahali pa saba, tukarudi kungojea unga wa Zambia kama watu wote. Na wadudu wenyewe wanaitwa jeshi! Jenerali kakutana na jeshi, mwandishi kamnyang'anya vita.

Nilimpigia yaya simu. Akacheka. “Leki, ni hadithi tu.” Najua ni hadithi, yaya. Mbuzi anayesema sikumlalamikia.

Kinachoniuma ni kwamba mwandishi anajua. Kuna mahali jenerali anashindwa kufunga mharagwe kwenye mti wake. Vidole vilivyozoea upanga vinakata kamba kila anapokaza. Mjane jirani, mwanamke mwenye mdomo, anamtukana, anamshika mkono kama mtoto wa shule: legeza, shina litanenepa. Nimelima maharagwe tangu utoto, sijawahi kuona mtu ameliandika hilo. Ukurasa ule nimeurudia mara tatu, na peke yake ningeupa nyota tano. Kitabu, mbili. Mtu anayejua fundo la kamba hana udhuru kwa viwavi.

Basi leo nimekifungua tena ili ninukuu ile sentensi neno kwa neno, nimwaibishe mwandishi mbele ya watu. Nikakuta aibu ni yangu. Usiku ule nilipokifunga, kesho yake niliendelea kutoka sura iliyofuata, kwa hasira. Ukurasa na nusu wa mwisho sikuusoma. Moto umepita, sawa, lakini waliokufa kumbe ni viwavi wa juu tu, na nusu ya kabichi zimeivia palepale ardhini. Waliobaki wako ndani ya majani, hai, wanakula. Mjane anakuja na kikapu na taa, hasemi kitu, anachuchumaa kwenye mstari wa kwanza. Jenerali anachuchumaa kwenye wa pili. Mpaka kunakucha.

Haya. Nyota tatu. Nne, nikikumbuka mjane. Lakini ukurasa na nusu kwa usiku mzima wa kuokota viwavi bado ni wizi, na mgongo wa jenerali haukutajwa hata kidogo. Yaya anadai kitabu chake, nimemwambia sijamaliza. Atakaye jina aniulize. Juzuu ya pili nimeshaiagiza kwa pesa yangu, na kama humo mtu atainua mkono tena shambani, nitapanda gari mpaka Ndola kuirudisha mwenyewe.

Mama amenisikia nacheka peke yangu, akauliza kuna nini. Nikamsimulia yote, moto, kabichi, mjane na taa. Alisikiliza huku anachambua matembele.

“Alitia majivu?”

“Hapana, mama.”

“Basi watarudi.”