Dawa za hasira na huzuni kali ya kabla ya hedhi: tathmini ya zinazouzwa Kisumu

Ingia famasi yoyote kubwa katikati ya Kisumu, useme kwamba wiki moja kabla ya hedhi unageuka mtu mwingine. Mara nyingi utaonyeshwa rafu ya mbele: chupa zenye picha za maua, zilizoandikwa kwamba zinasawazisha homoni. Dawa yenye ushahidi mzito zaidi haiko hapo. Iko nyuma ya kaunta, kwenye pakiti isiyovutia macho, na haifai kuuzwa bila cheti cha daktari. Ni fluoksetini, kapsuli ya miligramu 20. Tathmini hii inaihusu hiyo hasa, pamoja na washindani wake: tembe za kupanga uzazi zenye homoni ya drospirenoni, kalsiamu, vitamini B6, na vitu viwili vya mimea: Vitex na mafuta ya evening primrose.

Hatuzungumzii ule ukali mdogo ambao wanawake wengi wanaujua. Tunazungumzia hasira inayovunja nyumba, kilio kisicho na sababu, wasiwasi na kukata tamaa kunakomfanya mtu ashindwe kwenda kazini, kisha yote yanaondoka siku chache baada ya damu kuanza. Hospitalini hali hii huandikwa PMDD. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliitambua rasmi mwaka 2013, na iko pia kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, iliyoanza kutumika mwaka 2022. Kwa hiyo ukiambiwa ni tabia mbaya au ni kudeka, aliyekuambia hajui.

Jambo moja linafaa kueleweka kabla ya kutoa hata shilingi. Wenye PMDD kwa kawaida wana viwango vya homoni sawa na vya wanawake wengine. Tofauti iko kwenye ubongo, jinsi unavyopokea kupanda na kushuka kwa homoni hizo kila mwezi, hasa kemikali inayotokana na projesteroni. Ndiyo sababu vipimo vya homoni vya maabara havitakuonyesha ugonjwa huu, na ndiyo sababu chupa inayojinadi kwamba inasawazisha homoni inatibu kitu ambacho hakijaharibika. Akiba ya vipimo hivyo itatosha dawa ya miezi kadhaa.

Kabla ya dawa, daftari. Nunua la shule, lile dogo. Kila usiku andika tarehe, siku ya mzunguko (siku ya kwanza ya damu ni siku ya 1), halafu upe alama 1 hadi 6 kwa mambo manne: hasira, huzuni, wasiwasi, na mhemko unaobadilika ghafla. 1 ni hakuna kabisa, 6 ni kali kupita kiasi. Ongeza mstari mmoja wa kilichoharibika siku hiyo: umegombana na nani, umekosa kazi, umelala vipi. Fanya hivyo kwa mizunguko miwili. Usiandike kwa kukumbuka mwisho wa mwezi, kwa sababu kumbukumbu huziweka siku mbaya zote karibu na hedhi hata zisipokuwa hapo. Ukiona alama za 4, 5 na 6 zimejazana wiki ya mwisho, na wiki inayofuata hedhi ni 1 na 2 tupu, daktari ana cha kushika. Ukiona 4 na 5 mwezi mzima, zikipanda tu karibu na hedhi, huenda ni sonona au wasiwasi wa kudumu unaozidi wakati huo, na matibabu yake hayawezi kuwa ya nusu mwezi.

Lakini ikiwa katika siku hizo fikra za kutaka kufa au kujidhuru zinakuja, usisubiri daftari lijae. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, au piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya.

Sasa fluoksetini yenyewe. Inajulikana kama dawa ya sonona, na hapo ndipo wengi huitupa pakiti wakidhani wameitwa wagonjwa wa akili. Kwa PMDD inafanya kazi kwa njia nyingine. Kwa sonona husubiriwa wiki kadhaa. Kwa hali hii nafuu huanza ndani ya siku chache, na kwa sababu hiyo inawezekana kuimeza nusu ya pili ya mzunguko tu. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha kwa kazi hii mwaka 2000. Tayari mwaka 1995 utafiti mkubwa wa Kanada ulikuwa umelinganisha miligramu 20 na 60: zote zilishinda kidonge kitupu (kisicho na dawa, cha kulinganishia), lakini 60 ilileta madhara mengi zaidi. Kwa hiyo anayekwambia uongeze dozi haraka anakuongezea kichefuchefu.

Kupanga tarehe ndipo watu hukosea. Kanuni ni kuanza siku 14 kabla ya hedhi inayotarajiwa, kapsuli moja kila siku, hadi siku ya kwanza kamili ya damu, kisha unaacha. Chukua urefu wa mzunguko wako, utoe 13. Hiyo ndiyo siku ya kuanza. Mzunguko wa siku 28 unaanza siku ya 15, wa siku 31 unaanza siku ya 18. Mfano: hedhi imeanza Juni 3 na mzunguko ni siku 28, basi inayofuata inatarajiwa Julai 1. Unaanza Juni 17, unamaliza Julai 1. Hizo ni kapsuli 15 kwa mwezi. Zikija kwenye pakiti za kumi kumi, pakiti tatu zinakutosha miezi miwili. Hedhi ikichelewa siku mbili tatu, endelea kumeza mpaka ije. Ikichelewa zaidi, pima ujauzito kwanza. Mwenye mzunguko usiotabirika asijisumbue na hesabu hii, amwombe daktari mpango wa kila siku. Mapitio ya mwaka 2024 ya Cochrane, shirika linalojumlisha tafiti za tiba, yanaonyesha kumeza kila siku pengine kuna nguvu zaidi kidogo kuliko nusu mwezi, kwa hiyo mpango wa nusu mwezi ukikupa nafuu nusu, kuna hatua ya mbele.

Imeze asubuhi, baada ya uji au chai na kitu cha kutafuna. Usiku inaweza kukunyima usingizi, na tumbo tupu huongeza kichefuchefu. Kichefuchefu hicho, na kichwa kuuma kidogo, mara nyingi hupungua baada ya siku chache. Wengi huacha siku ya tatu, yaani kabla tu ya kufika mahali pazuri. Kinachodumu zaidi ni kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa. Hilo lisemwe wazi kwa daktari, maana wanawake hunyamaza, kisha huacha dawa kimyakimya. Kosa jingine ni kuimeza kama dawa ya maumivu: siku mbaya moja, siku nzuri hapana. Hivyo haifanyi kazi.

Mambo ya hatari yapo, na hapa hatulegezi. Usiichanganye na tramadoli, ambayo mitaani inapatikana kwa urahisi kuliko inavyopaswa. Mchanganyiko huo unaweza kuzidisha serotonini, kemikali ya neva, mwilini hadi kiwango cha hatari: kutetemeka, jasho, homa, kuchanganyikiwa. Linezolidi, inayotumika kwa kifua kikuu sugu, ni vivyo hivyo. Ibuprofeni ya maumivu ya tumbo la hedhi pamoja na fluoksetini huongeza uwezekano wa kutokwa damu tumboni, kwa hiyo tumia paracetamol kwanza. Ukanda huu malaria haiishi, na baadhi ya dawa zake pamoja na fluoksetini zinaweza kugusa mapigo ya moyo. Ukienda kutibiwa malaria, mtajie mhudumu kwamba unameza fluoksetini. Aliyewahi kuwa na vipindi vya msisimko kupita kiasi, akiwa hapati usingizi na akitumia pesa ovyo, asiianze kabla ya kuonwa na daktari wa akili. Na walio chini ya miaka 25 wafuatiliwe kwa karibu wiki za mwanzo, kwa kuwa fikra za kujidhuru zinaweza kuongezeka.

Hukumu yetu: kwa hali kali, hii ndiyo ya kwanza. Ile iliyotengenezwa bila jina kubwa la kampuni ina kiambato kilekile, na kwa kawaida ni nafuu kuliko chupa za nje zilizo rafu ya mbele.

Tembe za kupanga uzazi zinafaa kwa anayetaka pia kuzuia mimba, lakini si tembe zozote. Iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006 kwa PMDD ni ile yenye drospirenoni miligramu 3 na ethinilestradioli mikrogramu 20, tembe 24 zenye dawa na 4 tupu. Soma nyuma ya pakiti. Ipo nyingine yenye jina linalokaribiana, ina mikrogramu 30 na huachwa siku 7 kila mwezi. Katika siku hizo 7 homoni hushuka, na dalili zinaweza kurudi. Tembe zinazotolewa bure kwenye vituo vya afya vya umma kwa kawaida zina homoni nyingine, levonogestreli. Zinazuia mimba vizuri, lakini hazina ushahidi kama huo kwa PMDD, na kwa wengine mhemko huharibika zaidi. Vilevile kwa sindano ya miezi mitatu. Tembe za drospirenoni hazimfai mwenye presha, mvutaji sigara aliyepita miaka 35, aliyewahi kuganda damu, au mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona mwanga au michirizi. Drospirenoni hupandisha potasiamu, basi mwenye dawa za presha kama enalapril apimwe. Na anayetumia rifampicin ya kifua kikuu asizitegemee kuzuia mimba.

Kalsiamu ndiyo ya pili kwa heshima yetu, na haihitaji cheti. Utafiti wa mwaka 1998 Marekani, wanawake 466, ulitumia miligramu 1,200 kwa siku. Kufikia mzunguko wa tatu dalili zilipungua kwa asilimia 48, dhidi ya asilimia 30 kwa waliopewa kidonge kitupu. Tofauti hiyo ni ya kweli ila si kubwa, na waliochaguliwa walikuwa na dalili za wastani hadi kali, si lazima PMDD. Tazama maandishi: kidonge cha kalsiamu kaboneti cha miligramu 1,250 kina kalsiamu yenyewe miligramu 500 tu. Kimoja asubuhi na kimoja jioni, pamoja na chakula, vinakupa 1,000. Kinachobaki kipatikane sahanini. Hapa Kisumu hilo si kazi ngumu: omena wanaoliwa na mifupa yao, bilauri ya mala, sukuma wiki, mrenda. Usimeze vyote viwili kwa mpigo, mwili hauchukui zaidi ya karibu miligramu 500 kwa mara moja vizuri. Tenga saa mbili na tembe za madini ya chuma. Anayetumia ARV zenye dolutegravir, na katika ukanda huu ni wengi, azimeze saa 2 kabla ya kalsiamu au saa 6 baada yake, au zote pamoja na chakula. Kalsiamu ikikutana nayo tumbo likiwa tupu, hupunguza ARV inayoingia mwilini, na hilo ni zito kuliko hasira yoyote ya mwezi.

Vitamini B6 ina ushahidi dhaifu kidogo, miligramu 50 hadi 100 kwa siku, si zaidi. Tatizo ni zile tembe za neva zenye B1, B6 na B12 ambazo watu huuziwa badala yake: baadhi zina miligramu 200 za B6 katika kimoja. Dozi kubwa ikidumu inaharibu neva za miguu na mikono: ganzi, kuchomachoma. Ikianza, acha.

Vitex agnus-castus ndiyo pekee kwenye rafu ya mitishamba tunayoiheshimu. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2001, wanawake 170, dondoo la miligramu 20 kwa siku kwa mizunguko mitatu: waliopata nafuu walikuwa asilimia 52, dhidi ya 24 kwa waliopewa kidonge kitupu. Utafiti mdogo uliofuata uliilinganisha na fluoksetini, ukaona Vitex inasaidia zaidi dalili za mwili, kama matiti kuuma na kuvimba, na fluoksetini inasaidia zaidi za hisia. Kwa hiyo tatizo lako likiwa hasira na kilio, unajua pa kuelekea. Chupa nyingi haziandiki ni dondoo kiasi gani. Hiyo iache dukani. Usiitumie ukiwa mjamzito, unajaribu kupata mimba, au unatumia homoni za uzazi.

Mafuta ya evening primrose: okoa pesa yako. St. John's wort, mmea mwingine unaouzwa kwa huzuni, ni hatari kwa anayetumia ARV, tembe za uzazi au fluoksetini yenyewe. Majani na mizizi ya soko la Kibuye, mwarubaini ukiwemo, hatujaona jaribio lolote linaloyaunga mkono kwa kazi hii, na mchanganyiko unaoharisha unaweza kukutolea tembe ulizomeza kabla hazijaingia mwilini.

Unaponunua, tafuta cheti cha Bodi ya Famasi na Sumu ukutani, uone kama ni cha mwaka huu, na usikubali kapsuli zilizomwagwa kwenye bahasha bila pakiti, maana hutaona jina wala tarehe ya kuharibika.

Mizunguko mitatu ikipita na alama za daftari hazijashuka, rudi kwa daktari. Usiongeze dozi mwenyewe. Hatua ya kawaida ni kumeza kila siku, au kubadilisha kwenda sertralini ya miligramu 50, dawa ya kundi moja na fluoksetini, ambayo nayo ina tafiti zake. Ikishindikana, omba rufaa kwa daktari wa wanawake, kwa mfano hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wengi wanayoiita Russia. Kuna sindano zinazosimamisha ovari kwa muda, lakini hizo huanzishwa na mtaalamu peke yake, kwa kuwa hudhoofisha mifupa na mara nyingi hulazimu kuongezewa homoni kidogo juu yake.